Kiko Kifupi cha MaBhele

Kiko cha MaBhele kilikuwa kirefu kuliko mkono wake, na mwenye kiko cha namna ile hawezi kukiwasha mwenyewe. Mdomo uko huku, moto uko kule, na katikati pana urefu ambao mkono haufiki. Lazima awepo mtu wa kubana kaa la moto kwa koleo, apige goti mbele ya kiko, aliweke kaa juu ya tumbaku na kungoja mpaka moshi utoke. Katika vijiji vya upande ule wa Dutywa, huko Afrika Kusini, mtu huyo ni mke wa mwanao. Mama ambaye bado hajapata mkamwana huvuta kiko cha wastani. Akishampata, kiko kinarefuka, na kwenye pombe za ukoo safari yake ya kutoka mlangoni inaweza kuishia ukutani, wanakokaa wanawake waliofika. MaBhele alikuwa amefika. Ilimchukua miaka arobaini kuufikia ukuta ule, mkeka kwa mkeka, kila mara mkubwa mmoja alipofariki.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei, jioni, Noluntu mkamwana wake alipiga goti kama alivyofanya kwa miaka kumi na mitatu. Akaliweka kaa, akangoja. Moshi ulipotoka, hakuinuka.

"Mama," alisema. "Nimepigiwa simu."

"Na nani?"

"Na wale wa mjini Monti. Wa ile nyumba ya kulelea wazee."

MaBhele alivuta mara mbili kabla ya kujibu. "Wanasemaje?"

"Wamenipa kazi. Elfu nne na mia tano kwa mwezi, na pa kulala. Wanataka Jumatatu saa moja asubuhi niwe nimeshafika."

MaBhele alikuwa amemwona Noluntu akienda yale mafunzo ya kliniki kwa miezi mitatu, akirudi na daftari lililochorwa vitanda na magodoro, lakini alidhani ni mambo ya wanawake kujipitishia muda. Hakujua kwamba mwisho wa daftari ilikuwepo Monti.

"Mncedisi amesemaje?"

Mncedisi ndiye mwanawe, mume wa Noluntu. Alimwaga unga huko Rustenburg mwaka uliopita, shimo lao la mgodi lilipofungwa, na tangu Oktoba alikuwa hukohuko akingoja jina lake liitwe tena. Hela hakuleta. Watu wanne pale nyumbani, yaani MaBhele, Noluntu na watoto wawili, waliishi kwa pensheni ya mwanamke mzee na kile kidogo serikali inachotoa kwa watoto.

"Amesema Mama akikubali, yeye hana neno."

"Na Mama akikataa?"

"Hapo hakusema."

MaBhele alifurahi moyoni, maana kumbe mwanawe hajasahau nani ni nani. "Basi Mama amekataa," alisema. "Watoto hawa watalelewa na nani? Na watu watasema nini, mke wa ukoo wa Gqirana anatangatanga mjini na mume hajulikani yuko wapi?"

"Sawa, Mama," alisema Noluntu. Aliinuka, akaenda kukwangua sufuria.

Angebishana, MaBhele angelala vizuri. Lile "sawa" lilimkera usiku kucha. Asubuhi akampigia simu wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aitwaye Nowayilethi, ambaye sauti yake inatosha kuwafukuza mbuzi shambani. Alitaka mtu mkubwa akatae pamoja naye, ili kukataa kule kusiwe kwake peke yake.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Nowayilethi. "Jumamosi nakuja na kaka Zwelakhe. Tutamkalisha chini."

*

Siku hiyohiyo ya Alhamisi MaBhele alikwenda dukani kununua kiberiti na unga wa kilo mbili na nusu. Zamani walinunua gunia. Mwenye duka aliuliza mara mbili, "Mbili na nusu, mama? Si thelathini?" na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasikia. MaBhele alisema wana unga mwingi nyumbani, hii ni ya kujazia tu. Akaitia ile pakiti chini ya blanketi lake akatoka.

Njiani aliwakuta wanawake wa mradi wa barabara, fulana za rangi ya machungwa juu ya nguo zao za nyumbani, wakifukia mashimo. Miongoni mwao alikuwepo MaQwathi, mjane wa nyumba ya bondeni, ambaye umri wake haukupungua wa MaBhele kwa kitu. MaQwathi hakuwa na mwana wala mkamwana. Mikono yake ilishika beleshi, na kinywani, baina ya meno aliyobakiwa nayo, kilikaa kiko kisichozidi kidole cha kati. Kijijini walimwita Bwana MaQwathi kwa sababu ya kiko hicho kifupi kama cha wanaume, nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine mbele.

"MaQwathi," alisema MaBhele, "hicho kiko kimenyimwa chakula au kilizaliwa hivyo?"

MaQwathi hakukitoa kinywani. "Changu kinakula tumbaku. Chako ndicho kinachokula watu."

Wanawake wa barabara waliegemea mabeleshi yao wapate kusikiliza.

"Kinavutika kweli hicho?"

"Kinavutika upesi. Natia tumbaku ya kubana kwa vidole viwili, nawasha, navuta, kwisha. Msimamizi hajageuka, mimi nimeshamaliza na nimepata nguvu. Mvua ikinyesha nakipindua kichwa chini, hakizimiki. Nikichoka nakitia mfukoni, kinanipasha moto paja. Hakuna mwanamume aliyewahi kunipasha muda mrefu hivyo."

Walicheka. MaBhele naye alicheka kidogo. "Lakini moshi si uko karibu mno? Huungui?"

"Wiki ya kwanza unaunguza ulimi kwa pupa. Halafu unajifunza kuvuta kama unayeonja uji."

MaBhele alitamani kukijaribu, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Lakini kiko cha mtu hakitiwi kinywani na mwingine. Mate ya mtu ni ya mtu, na mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hayo. Kwa hiyo alikitazama tu.

"Mimi siwezi," alisema. "Mwanamke mzima kuvuta kiko cha kibarua."

"Huwezi kwa sababu hujakosa," alisema MaQwathi, safari hii akikitoa kinywani ili asikike vizuri. "Kiko chako, MaBhele, ukiufuata mrija mpaka mwisho unakuta mtu amepiga goti. Changu, ukiufuata unakuta tumbaku tu. Nenda salama. Na huo unga uufunike, unaonekana."

*

Ijumaa Noluntu alikwenda Dutywa na mtoto mdogo aliyekuwa akikohoa. Kwenye kliniki ile mtu akiingia asubuhi anatoka jua likizama. Mtoto mkubwa alikuwa shuleni. Kufika saa nne MaBhele alikuwa amefagia, amelisha kuku, na hamu ya tumbaku imempanda mpaka kichwani.

Alikijaza kiko. Akakaa mahali pake, akatia mdomo wa kiko kinywani, akanyoosha mkono wenye kiberiti. Njiti ilifika nusu ya safari. Akajaribu kukiinamisha kiko, tumbaku ikamwagika. Akakijaza tena, akakiegemeza kichwa chake kwenye jiwe la jikoni, akabana kaa kwa koleo, akaliweka juu, kisha akakimbilia upande wa pili kuvuta kabla kaa halijaanguka. Lilianguka. Mara ya tatu alilala kifudifudi sakafuni, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, matako juu, koleo mkono mmoja na mrija mkono wa pili, na kweli moshi ulitoka. Ulitoka kwenye blanketi lake. Kaa lilikuwa limebiringika likaingia kwenye pindo na kutoboa tundu la ukubwa wa sarafu.

Aliuzima moto kwa kiganja, akakaa chini akipumua. Hakuna aliyemwona, lakini uso ulimwaka kwa aibu kana kwamba kijiji kizima kimesimama mlangoni. Alipokuwa amekaa pale ndipo alipojiambia ukweli ambao Jumatano aliuzungukazunguka. Watoto wangelelewa, maana yeye mwenyewe alilea watano. Maji yalikuwa bombani, hatua mia kutoka uani. Watu wangesema wiki mbili wakachoka. Alichokuwa akikikatalia ni hiki kilichomo mkononi mwake. Alikuwa anamzuia mtu asiende kutafuta unga kwa sababu ya kaa moja asubuhi na kaa moja jioni.

Alijifunga kitambaa upya akaenda kwa mzee Dyantyi, mchonga viko.

Dyantyi alikuwa nyuma ya nyumba yake na kisu, miguu imejaa vumbi la mbao. "MaBhele. Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Nataka kingine. Kifupi."

"Kifupi kiasi gani?"

MaBhele alionyesha kwa kidole.

"Ni cha nani?"

"Cha Mncedisi."

"Mncedisi havuti."

"Ameanza."

"Mgodi umefungwa, hela hakuna, ndipo anaanza kuvuta," alisema Dyantyi. Alimtazama, akautazama na ule mkono uliokuwa na lengelenge jipya, kisha akafungua mfuko wa kitambaa akatoa kiko kidogo cheusi, kichwa chake kimezungushiwa bati. "Hiki nilikichonga kwa ajili ya dereva mmoja, hakurudi. Randi thelathini na tano. Mwambie Mncedisi asikijaze mpaka juu. Akikishika kichwa chake na kiganja kikashindwa, apumzike, maana kidogo kinapata moto upesi. Na mwambie asikivutie mbele ya wifi zake."

"Mncedisi hana wifi," alisema MaBhele.

"Ndiyo. Mwambie hivyohivyo."

Alikivutia nyuma ya zizi, amesimama, kwa njiti moja ya kiberiti. Mara ya kwanza kilimuuma ulimi, machozi yakamtoka. Mara ya pili alivuta kama alivyoambiwa na MaQwathi, taratibu, na tumbaku ikamfikia nzima, na harufu yake, ambayo kwa mrija mrefu hufika imechoka. Kichwa cha kiko kilijaa kiganjani, cha moto, na baridi ya Mei ikamtoka vidoleni. Mkono wa pili ulibaki bure, hakujua aufanyie nini; mwishowe akamkuna ndama aliyekuwa upande wa pili wa uzio. Dakika tano na kimekwisha. Alikigonga kwenye nguzo, akakitia mfuko wa aproni, na kwa muda mrefu akakisikia kikimpasha moto pajani. Alijisikia vizuri, na akajisikia mwizi.

Jioni Noluntu alirudi na chupa ya dawa. Hata kabla ya kuvua kitambaa alichukua koleo, akapiga goti, akawasha kile kirefu. MaBhele aliyaona magoti yale, ngozi yake imekuwa nyeusi na ngumu. Neno lilimjia mpaka mdomoni. Lakini wakubwa walikuwa wamekwisha itwa, na yeye ndiye aliyewaita. Akaona labda waseme wao. Huo ulikuwa woga, na mwenyewe aliujua.

*

Walikuja Jumamosi saa tano. Zwelakhe, mdogo wa marehemu, alikaa upande wa kulia wa wanaume peke yake, fimbo mapajani. Nowayilethi alikaa kushoto ukutani, karibu na MaBhele, akafungua kitambaa akatoa kiko chake, kirefu kuliko cha MaBhele kwa shubiri moja. Noluntu alipiga goti akawasha cha shangazi, akapiga goti tena akawasha cha mama. Kisha akarudi kukaa karibu na mlango, kichwa amekiinamisha.

"Tumesikia unakwenda Monti," alianza Zwelakhe.

"Nilikuwa nimeomba, Baba mdogo."

"Kazi gani?"

"Kuhudumia wazee."

Nowayilethi alitoa moshi. "Kuwahudumia vipi? Sema tuelewe."

"Kuwalisha, Shangazi. Kuwageuza kitandani. Kuwaosha."

"Kuwaosha mpaka wapi?"

"Pote, Shangazi," alisema Noluntu.

"Pote," alisema Nowayilethi, akamgeukia kaka yake. "Umesikia, Zwelakhe? Tumetoa ng'ombe saba kwa ajili ya mtu wa kwenda kuosha mapaja ya wazee wa watu. Na huyu hapa, nani atamwosha?"

"Mama anaoga mwenyewe," alisema Noluntu.

Hakulisema kwa jeuri. Alilisema tu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Lakini lilikaa vibaya ndani ya nyumba, na Nowayilethi akanyoosha shingo.

"Umeona? Bado hajafika Monti, Monti imeshamfika. Kaka, sema ulilokuja kusema, mimi njaa inaniuma."

Zwelakhe alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yaishe mapema arudi kwa ng'ombe wake. "Makoti atakaa," alisema, akimwita Noluntu kwa jina la mke aliyeolewa ukooni. "Mncedisi akirudi, wenyewe mke na mume watapanga. Nyumba haiachwi na mama mzee peke yake. Nadhani ndicho MaBhele alichotuitia."

"Ndivyo," alisema Nowayilethi.

"Sawa, Baba mdogo," alisema Noluntu.

Lilikuwa "sawa" lilelile la Jumatano. MaBhele alilisikia likimpita kifuani kama kitu cha baridi.

"Makoti, kimezimika hiki," alisema Nowayilethi, akisogeza kichwa cha kiko chake.

Noluntu aliinuka akaenda jikoni, akabana kaa, akarudi. Alipopiga goti kaa liliteleza likaangukia gauni lake. Alilipangusa upesi kwa vidole.

"Angalia tumbaku yangu," alisema Nowayilethi.

MaBhele alikiweka kiko chake kirefu chini, juu ya mkeka. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kile kidogo, akakijaza kwa vidole viwili. Wote walimwangalia na hakuna aliyeelewa.

"Noluntu, lete hilo koleo," alisema. "Lete, nipe mkononi. Wewe kaa."

Akabana kaa mwenyewe, akaliweka mwenyewe, akavuta. Moshi ulitoka karibu kabisa na uso wake, ukamfunika, na ulipotawanyika alikuwa bado anavuta.

"Hicho ni nini?" aliuliza Nowayilethi.

"Kiko."

"Naona ni kiko. Cha nani?"

"Changu. Jana nimekinunua."

"MaBhele, umeugua?"

"Siumwi. Wifi, niliwaita mnisaidie kukataa. Mmekuja, nashukuru. Lakini mimi nimekubali. Jumatatu Noluntu anakwenda Monti."

Zwelakhe aliishika fimbo yake. "Nimeshasema neno hapa, MaBhele."

"Umesema, shemeji, na nimelisikia. Lakini huyu alipoletwa hapa mlimkabidhi kwangu, anitumikie mimi. Hamkumkabidhi kwa wifi wala kwako. Basi mimi nimemaliza kutumikiwa. Maji nitateka. Watoto nitapika. Moto, mmeona."

"Na unga?" aliuliza Nowayilethi kwa kejeli.

"Unga ndio anaoufuata. Tumebaki na kilo mbili, na umesema una njaa."

Nowayilethi alikilaza kiko chake mkekani. Alijibu polepole, na ndiyo maana MaBhele alijua hatanii.

"Juni tuna pombe ya wazee wetu, kwa kaka hapa. Mimi ndiye ninayepanga mkeka wa wanawake. Mwanamke anayejiwashia moto anakaa na wanaojiwashia. Hukai ukutani na hicho kitu mdomoni, MaBhele. Sitakupa nafasi ya mama yangu ukanivutia kiko cha barabarani."

"Nimesikia, wifi."

"Mlangoni. Na MaQwathi wako."

"Nimesikia."

Zwelakhe aliinuka. "Makoti ni wako," alimwambia MaBhele. "Ukisema aende, ataenda. Ila usituite tena."

Walitoka bila kula. Hata hivyo chakula kilikuwepo kidogo tu, mahindi ya kukoboa na maharage ya kuwatosha watoto.

*

Jumapili Noluntu alifunga mizigo yake, ambayo ilikuwa begi moja na lile daftari. MaBhele alikuwa nje akikata kuni kwa shoka dogo, kiko kikiwa mdomoni.

"Mama," alisema Noluntu. "Sikutaka ufike hapo."

"Nami sikutaka. Lakini nilifika."

"Shangazi hatasahau."

"Shangazi yako hasahau hata nani alimkanyaga mguu kwenye harusi yangu." MaBhele aliweka shoka chini. "Nisikilize. Huko usimpigie mtu goti. Wamekuajiri, hawajakuoa. Waoshe vizuri, walishe, uwaite baba na mama, lakini fanya kazi umesimama. Magoti yako nimeyaona."

Noluntu alifunika uso kwa upande wa kitambaa chake. MaBhele akamwambia gari la Monti halimngojei mtu anayelia.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko MaBhele alivyojisifia. Ndoo ya maji ilimuuma bega. Ugali wake watoto waliukataa siku ya kwanza, wakaula siku ya pili. Kiko kifupi alikizoea, akajua kiasi cha tumbaku, akajua kukiacha kinywani huku akipepeta au akifua, na kusema kweli kuna siku alishangaa aliwezaje kukaa miaka yote ile amefungwa ukutani na ule mrija mrefu. Lakini jioni kilikwisha upesi. Kile kirefu kilikuwa kinachukua nusu saa, na nusu saa ile Noluntu alikuwa akikaa mwishoni mwake akisimulia nani kaachwa na nani kajifungua. Sasa dakika tano zikipita, MaBhele alikuwa peke yake na kiko cha moto kiganjani na watoto wamelala. Kwa hilo hakuwa amejiandaa, na lilimuuma.

Mwisho wa mwezi hela iliingia. Alikwenda dukani, akasema "thelathini" kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, akaajiri mtu wa kusukuma gunia kwa toroli.

*

Pombe ya ukoo ilinywewa Jumamosi ya mwisho ya Juni nyumbani kwa Zwelakhe. Noluntu aliomba ruhusa ya siku mbili akaja, kwa sababu wake wa ukoo ndio wanaogawa pombe upande wa wanawake, na asingekuja lingekuwa jambo jingine tena. Alifika amechelewa, akafunga kitambaa, akajitanda blanketi, akapewa ndoo na kopo. Hapo ndipo alipoingia ndani ya nyumba kubwa akaona watu walivyokaa.

Ukutani alikaa Nowayilethi, kiko chake kirefu kimenyooshwa mbele, na kando yake wazee watatu wenye viko kama hicho. Wa nne, mahali pa MaBhele, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano aliyepata mkamwana mwaka huohuo, na alikuwa akikishika kiko chake kipya kwa mikono miwili, akiogopa asije akakiangusha. Halafu wakafuata wengine kwa umri wao. Mwisho kabisa, mlango ulikokuwa ukipitisha upepo wa Juni, baina ya MaQwathi na wasichana walioolewa juzi, alikaa MaBhele. Blanketi lake lilikuwa na kiraka pindoni. Wasichana walikuwa wamejivuta kidogo, hawakujua wakae naye vipi.

Kopo linaanzia ukutani. Noluntu alipiga goti mbele ya Nowayilethi, akachota, akanyoosha mikono miwili.

"Karibu, makoti," alisema Nowayilethi. "Monti inakunenepesha. Wazee wako hawajambo? Wameoga?"

"Wameoga, Shangazi."

Wengine walicheka. Nowayilethi alikunywa pole pole, akalirudisha kopo, akaomba jingine kama haki ya mkubwa, akapewa. Noluntu alisogea kwa magoti kwenda kwa wa pili, wa tatu, kwa yule wa miaka hamsini na tano ambaye hakuthubutu kumtazama, na kuendelea. Kila kopo lilipotoka, ndoo ilipungua. Angeweza kupunguza kipimo ili kifike mbali, lakini macho ya Nowayilethi yalikuwa juu ya mkono wake, na kila kopo alilijaza.

Alipofika mlangoni ndoo ilikuwa imebaki machicha na maji yake ya kijivu. Alipiga goti mbele ya MaBhele. Alilizamisha kopo, likatoka na machicha, akalishikilia hewani bila kulinyoosha.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kukupa hiki."

MaQwathi alitazama pembeni. Huko ukutani mazungumzo yalikuwa yamekatika, na MaBhele alijua wanasubiri kuona kama atainuka akaondoka. Alikuwa na baridi. Alikuwa na hasira pia, na huzuni, na hakuwa na sababu ya kujidanganya kwamba hana. Mahali pale palimgharimu miaka arobaini. Alikitoa kiko mdomoni, akakishika kiganjani.

"Jana umelipwa?"

"Nimelipwa, Mama."

"Na mwezi ujao utalipwa?"

"Nitalipwa."

"Basi lete," alisema MaBhele, akapokea kopo kwa mikono miwili.

Alilinywa lote na machicha yake, bila kupumzika, akalirudisha tupu.